Presha ya Ghorofa ya Nne

Siku Sabuni alipoingia kliniki ya presha hakuwa anaumwa. Alikuwa amejificha. Wiki ile alikuwa ameuza miwani ya kusomea iliyotiwa vioo vya dirisha, na wateja walikuwa wameanza kuulizana kwa nini herufi hazikui. Mtu anayetafutwa na watu wasioona vizuri hana haja ya kukimbilia mbali. Sabuni alikata kona, akaona mlango uko wazi, akaingia na kuketi kwenye benchi la nyuma, katikati ya wazee.

Jina la Sabuni alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea: povu jingi, harufu nzuri, na ukimbana mkononi anachopoka.

Alikuwa bado anatazama mlango pale mkandarasi mmoja mnene alipoingia akihema, simu sikioni.

"Sista, nipime haraka, nina watu wananingoja."

"Kaa kwanza, baba," alisema muuguzi, mama wa makamo aliyevaa barakoa na kofia nyeupe. "Dakika tano. Usiongee. Na kama una haja ndogo, choo kile pale."

"Nimekuja kupimwa presha, sikuja kupimwa mkojo!"

Watu walicheka. Hata hivyo mkandarasi alikwenda, akarudi, akakaa. Muuguzi alimpima, akaandika, na yule mtu akatoka akitabasamu. Sabuni, ambaye kukaa kimya kulikuwa kunamwasha kama upupu, akasogea mbele.

"Sista, samahani. Kwa nini hukumpima palepale?"

Mama yule alimtazama kwa huruma ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali na watu wenye hofu. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa shule. "Mwanangu, ngazi zinapandisha presha. Mkojo uliobanwa unapandisha. Maneno yanapandisha. Mkanda mwembamba juu ya nguo nzito, nao unakupa namba kubwa. Ukimpima mtu ametoka mbio, unapata uongo."

Wako watu ambao wakisikia neno "uongo" hukunja uso. Sabuni alisikia njaa.

Mwezi haukuisha kabla Sabuni, sasa akijiita Profesa wa Usingizi, hajafungua chumba chake katikati ya mji, ghorofa ya nne. Koti lake jeupe lilitoka kwenye lundo la mitumba na lilikuwa la muuza nyama. Doa moja halikukubali kutoka, kwa hiyo juu yake alibandika beji. Tiba yake aliiita hipnosi, yaani kumlaza mtu usingizi kwa maneno. Aliijua kwa kiasi cha mtu aliyeangalia nusu ya video kabla kifurushi hakijaisha, lakini nusu hiyo ilimtosha, maana wateja wake hawakuwa wameangalia hata robo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgonjwa akifika chini, anakuta karatasi kwenye mlango wa lifti: LIFTI MBOVU. FUNDI YUKO NJIANI. Fundi hakuwa njiani popote, kwa kuwa lifti ilikuwa nzima, na kila jioni, wateja wakiisha, Profesa aliteremka nayo peke yake kama mfalme. Mgonjwa alipanda vidato themanini na nane kwa miguu yake. Juu alipokewa na Shangazi, shangazi wa kweli wa Sabuni, ndugu wa baba yake, mwanamke mpana mwenye birika pana vilevile. Shangazi alimpa kikombe cha chai nzito, kisha cha pili. Mgonjwa akiulizia choo, Shangazi alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya pili: "Maji yamekatika, msamehe!"

Ndipo alipopimwa. Mkanda mwembamba juu ya sweta, huku Profesa akimuuliza habari za wakwe zake. Namba ilipanda mpaka mgonjwa akataka kuandika wosia.

Baada ya hapo, ajabu, maji yalirudi. Mgonjwa alikwenda chooni, akavua viatu na sweta, akalazwa kwenye kitanda laini, pazia likashushwa. Sauti ya Profesa ikaanza kutiririka: "Unashuka... kidato kimoja... cha pili... moyo wako ni jani juu ya maji..." Nusu saa nzima. Wengine walikoroma. Alipopimwa tena, sasa kwa mkanda wa kumtosha na mkono mtupu, namba ilikuwa imeanguka kama embe bovu. Watu walitokwa na machozi. Kwa ufupi, Sabuni aliwapandisha kwa miguu yao na kuwashusha kwa mdomo wake.

Tusiwaonee huruma sana. Wengi wao walikuwa watu wenye uwezo, na daktari alikwisha kuwaambia wapunguze chumvi, watembee, wameze kidonge kila siku. Ushauri wa namna hiyo ni rahisi mno, na mtu mwenye gari kubwa haamini kitu rahisi. Waliambiwa wapunguze chumvi. Wakapunguza imani kwa daktari.

Mwenye jengo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini. Alitoa chumba kile bure ili alazwe kila Jumatatu, na siku moja, akiwa anavaa viatu, aliuliza kwa sauti ya chini, "Profesa, usingizi huu unamshika hata mtu asiyejua kwamba analazwa?"

"Kwa maana gani, mzee?"

"Tuseme wapangaji wangu. Ukawakusanya uani, ukawalaza wote kwa pamoja, ukawaambia kodi imepanda. Wakiamka waone ni jambo la kawaida."

Profesa alifikiri kwa uzito wote unaostahili. "Inawezekana. Lakini ni tiba ya awamu nyingi."

"Nitavumilia," alisema mwenye jengo kwa unyenyekevu.

Miguuni pa kitanda palikuwa na kapu. Profesa hakumwambia mtu aache dawa. Hilo alikuwa mwangalifu nalo. Alisema tu, "Kapu liko pale. Mtu aliyewekwa huru anajua mikono yake iende wapi." Na mikono ilikwenda. Vidonge viliingia kapuni pakiti kwa pakiti, na kila mwisho wa mwezi kapu lilimwagwa, kwa pesa, kwa muuza dawa mmoja asiyependa kuuliza maswali. Pakiti pekee ambazo hazikuingia kapuni zilikuwa za Shangazi. Yeye alimeza chake kila asubuhi, kwa chai yake mwenyewe.

"Shangazi, utaniharibia jina," Sabuni alimnong'oneza. "Watu wanakuona."

"Waone. Mimi siumwi usingizi, naumwa presha."

Basi katika kundi lile la matumbo na saa za dhahabu alikuwamo mtu mmoja ambaye hakufaa kuwamo. Alikuwa seremala, mzee mpole mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Hakuwa na cha kulipa, kwa hiyo alilipa kwa kazi: kitanda kile cha tiba, chenye mgongo uliopinda kama kiganja kinachompokea mtoto, alikichonga yeye. Vidonge vyake alivitia kapuni mwanzoni mwa mwezi huu. Kila pakiti ilikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa penseli ya useremala, kwa mwandiko ulionyooka kama umepigwa rula.

Jumatano alikuja akiwa ameshika kofia.

"Profesa, kichwa kinagonga. Jana nilikuwa napiga randa, damu ikanitoka puani. Ikadondokea mbao."

Sabuni aliiona ile damu juu ya mbao nyeupe. Aliiona vizuri kuliko alivyotaka. Akaikunja picha ile, akaiweka mbali.

"Hiyo ni presha chafu, fundi. Inatafuta mlango wa kutokea."

"Mke wangu anasema nirudie vidonge. Amenipigia magoti, Profesa. Na mke wangu hapigi magoti hata akidondosha sindano."

"Kwani yeye anajua nini?"

"Ni muuguzi."

"Ahaa." Profesa alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Muuguzi anakula kwa ugonjwa, fundi. Mimi sisemi kitu. Nasema tu, nani amewahi kumwona muuza mwavuli akiomba jua?"

Fundi alizungusha kofia yake. Kumkana mke hakukuwa kwepesi kwake. "Mimi nakuamini wewe," alisema hatimaye. "Niliingia hapa namba ikiwa juu, nikatoka iko chini, kwa macho yangu. Ukiniambia nirudie, narudia leo. Wewe tu."

Lilikuwa neno moja. Lisingemgharimu Sabuni hata kikombe cha chai. Lakini ukimwambia mmoja arudie, kesho benchi zima litauliza kwa nini. Akampiga bega kidogo.

"Njoo Ijumaa, fundi. Tutashuka zaidi."

Ijumaa, kabla benchi halijajaa, aliingia mama mmoja aliyejifunga kilemba kizuri, mkoba mkubwa mkononi. Sabuni hakuwa mtu wa kukumbuka nyuso. Alikumbuka mikoba, na mkoba huu hakuwahi kuuona. Alimwingiza chumbani mwenyewe. Mama hakuwa anahema sana. Alikuwa amepanda ngazi polepole, akipumzika kila ghorofa, kama mtu anayejua anachofanya.

"Karibu, mama. Funga mlango."

"Uache wazi kidogo, mwanangu. Mimi ni mke wa mtu."

"Haya, haya. Na presha je, ni ya muda mrefu?"

"Mimi sijambo. Nimetumwa. Tuko akina mama arobaini katika chama chetu, karibu wote wana presha. Wamesema nikague kwanza, ndipo waje."

Arobaini! Sabuni aliwaona wote arobaini wakipanda ngazi, mmoja nyuma ya mwenzake, kama siafu waliobeba sukari.

"Lakini wana neno," mama aliendelea. "Wanasema kinyozi mwenye nywele ndefu hawamwamini. Wanataka namba ya Profesa mwenyewe."

"Namba yangu? Mama, mimi ni mtulivu kama mtungi! Pima hata sasa."

"Hapana, niiandike kwenye daftari la chama. Nimelisahau kwa mlinzi pale chini. Na miguu yangu hii..."

"Usijali, mama!"

Alitoka mbio. Benchi la nje sasa lilikuwa limejaa. Mwenye jengo naye alikuwa amefika, na wote walimwamkia. Kidole cha Sabuni kilikwenda chenyewe kuelekea kitufe cha lifti.

"Profesa," mwenye jengo alisema, "si mbovu hiyo?"

"Nilikuwa naikagua tu," alisema Profesa, akashika ngazi.

Vidato themanini na nane kushuka. Mlinzi alisema daftari hana. Mama yule alikuwa amelipeleka kwenye duka la vifaa vya shule, ng'ambo ya barabara, likawekwe jalada. Sabuni akavuka barabara, akalichukua, akarudi. Vidato themanini na nane kupanda. Alipofika juu miguu ilikuwa imegeuka uji, na seremala alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia magotini, macho ameyafumba kwa maumivu.

Ndani, mama wa kilemba alikuwa na vikombe viwili vya chai ya Shangazi. "Umechoka, mwanangu. Kunywa. Na hiki changu pia kunywa, mimi nimefunga." Kumkatalia mama mwenye watu arobaini ni utovu wa adabu. Sabuni akanywa vyote viwili, na muda si muda akahisi haja. Akachungulia mlangoni, akamnong'oneza Shangazi, "Ufunguo wa choo."

Shangazi alikuwa amelisema jibu lile mara mia, na ulimi wake haukuwa tena na habari na kichwa chake. "Maji yamekatika, msamehe!"

Benchi zima lilimtazama Profesa kwa huruma. Yeye akarudi ndani, amebana magoti.

"Kaa, nikupime," alisema mama. Akachukua mkanda mwembamba, akauzungushia mkono wa Sabuni juu ya koti la muuza nyama. "Enhe, niambie. Umezaliwa wangapi?"

"Saba, mama. Mimi wa mwisho. Nilikuwa kipenzi..." Na Sabuni, aliyekuwa tayari kusimulia maisha yake hata kwa mlingoti wa taa, akasimulia.

Mashine ililia. Mia moja tisini na nane kwa mia moja ishirini na mbili.

Sabuni alicheka. "Mashine mbovu hii."

"Mbovu?" Mama alipaza sauti kidogo. "Si ndiyo unayowapimia watu?"

"Hapana, nzima! Nzima kabisa. Ila..."

Mama aliweka mashine kando. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, na uso wake ukafanya jambo ambalo nyuso za wauguzi hufanya baada ya miaka ishirini na sita kazini: haukufanya chochote. Uso mtupu kama shuka iliyotandikwa upya.

"Baba yako yuko hai?" aliuliza.

"Alifariki."

"Kwa nini?"

"Alianguka tu. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu."

"Alikuwa na umri gani?"

Sabuni alifungua mdomo. Arobaini na moja. Naye alikuwa anatimiza arobaini na moja mwezi ujao. Kila ujanja wa chumba kile, ngazi, chai, mkanda, maneno, aliupanga yeye kwa mkono wake, na alikuwa anaujua kama njia ya kwao. Lakini hila humtisha mwenyewe ikimwita kwa jina la baba yake. Jasho lilimtoka.

"Mama, nifanyeje?"

"Si una dawa? Lala hapo kitandani. Shuka kidato kimoja, cha pili. Moyo wako ni jani."

"Mama, usinitanie!"

"Sikutanii. Jilaze usingizi."

"Usingizi haushushi kitu!" Sabuni alisimama, na kilio chake kikatoka kwa sauti ileile iliyowalaza wenye majumba. "Ni uongo! Ni ngazi tu, ni ngazi na chai! Nipe vidonge, mama! Kapu hilo hapo, nipe kidonge chochote, nitakufa kama baba!"

Alilirukia kapu. Mama alimpiga kofi la mkono, kofi dogo la wodini.

"Dawa ya mwenzako si yako."

Kisha akausukuma mlango, ukafunguka wote. Benchi lilikuwa limesimama. Mwenye jengo alikuwa wa mbele, mdomo wazi, na nyuma yao wote seremala alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayeamshwa.

"Umemsikia Profesa wako?" mama alimuuliza kwa upole. "Au mpaka nipige magoti tena?"

Seremala alipita katikati ya watu. Akainama kapuni, akapekua, akatoa pakiti yenye mwandiko wa penseli. Shangazi, bila kuambiwa, alikuwa amekwisha kumshikia maji ya kunywa.

"Ninywe hiki sasa?"

"Hicho, na baada ya hapo tunakwenda wote kwa daktari. Leo hii."

Sabuni alikuwa bado sakafuni, pale alipolirukia kapu. Sasa aliutazama ule uso bila mkoba, akauvisha kwa mawazo barakoa na kofia nyeupe.

"Sista," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Mume wangu alinisimulia. Ngazi, chai, choo, mkanda juu ya sweta. Nikasema, somo hilo ni langu, nililifundisha mwenyewe." Alikuwa anakunja mkanda wa mashine vizuri, kwa mazoea. "Kutulia ni kuzuri, mwanangu. Hata mimi nawaambia wagonjwa wafumbe macho, wapumue. Lakini kutulia ni rafiki wa kidonge, si mrithi wake. Nilikuambia mimi ni mke wa mtu. Nataka kubaki hivyo."

Watu walilivamia kapu. Waliokuwa wakinunua utulivu kwa miezi walipigana vikumbo wakitafuta pakiti zao, na mkandarasi mmoja alidai tatu zisizo zake. Mwenye jengo aliing'oa karatasi ya lifti, akabonyeza kitufe, na mlango ukafunguka kwa heshima zote. Akageuka.

"Kwa hiyo na wapangaji wangu pia ingekuwa uongo?"



Kitanda ndicho kilichoteremka kwanza, kimesimamishwa wima ndani ya lifti, seremala akikishikilia kama mtoto aliyepatikana. Shangazi alifuata na birika lake. "Mwanangu," alimwambia Sabuni, "mimi nilikuambia naumwa presha. Hukusikia." Akaondoka, na kwa mazoea akaondoka na ufunguo wa choo.

Wa mwisho alikuwa sista. Sabuni alimshika pindo.

"Sista, niambie ukweli. Ile namba..."

"Ile si presha yako. Ile ni presha ya ghorofa ya nne. Yako hatuijui, na kwa habari ya baba yako, ingefaa tuijue. Njoo kesho kliniki. Ukae, unyamaze, nikupime."

Na lifti ikashuka naye. Sabuni, magoti yamebanana, alitazama mlango wa choo, kisha ngazi. Vidato themanini na nane.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi lilelile la nyuma. Hakuwa amejificha, na hilo lilimpa aibu ambayo hakuwahi kuonja. Sista, ndani ya barakoa yake, alipita na faili mkononi.

"Choo umekwenda?"

"Nimekwenda, sista."

"Dakika tano. Usiongee."

Akakaa. Dakika ya kwanza ilipita. Ya pili ilitambaa. Hapo mzee mmoja aliyeketi kando yake, mwenye pete kubwa ya dhahabu na shingo ya mtu asiyenyimwa kitu, akamwinamia.

"Kijana, eti kuna profesa hapa mjini analaza watu usingizi, presha inashuka bila dawa. Natafuta mtu anayemjua. Nitamshukuru sana mtu huyo. Sana. Wewe hujawahi kumsikia?"

Pete ilimetameta. Maneno yalimjaa Sabuni mdomoni, matamu, yamepangwa tayari, yanasukumana kutoka. Akainua macho. Kule mezani sista alikuwa ameshika mkanda, mkanda wa kumtosha, anamtazama.

Sabuni akatikisa kichwa, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.